Darasa zima kwenye hati moja: mwongozo kwa walimu wa sekondari Tanga

Chukua kidato cha pili chenye wanafunzi 48, maabara ya kompyuta yenye mashine 12 zinazowaka, na vipindi viwili vilivyofuatana vya Kiswahili, yaani dakika 80. Kazi ni insha ya maelezo kuhusu mkonge, na darasa zima litaiandika katika hati moja ya Google Docs, kila kikundi kwenye mashine yake. Mwongozo huu unafuata somo hilo kuanzia siku mbili kabla yake mpaka baada ya kengele. Ukiwa na mashine 6 au 20, au ukifundisha Historia badala ya Kiswahili, badilisha hesabu tu. Yanayoharibika ni yale yale, na mengi yake huharibika kabla mwanafunzi hajagusa kibodi.

Zana ipi

Kwa kuandika pamoja, Google Docs inatosha. Inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, inahifadhi kazi kadiri inavyoandikwa, na mtu aliye kwenye kompyuta anaweza kuandika akiwa na kiungo tu, bila akaunti. Hati moja hupokea hadi vifaa 100 kwa wakati mmoja, kwa hiyo mashine 12 si mzigo.

Kwenye simu na vishikwambi mambo ni tofauti. Huko kuandika kunahitaji programu ya Google Docs na akaunti iliyoingiwa. Ndiyo maana kishikwambi cha mwalimu, kama vile walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, ni kizuri kwa kusimamia hati ukizunguka darasani, lakini usikitegemee kama mashine ya kikundi.

WhatsApp haifai kwa kazi hii: ujumbe mpya unausukuma wa zamani juu, na hakuna anayeweza kurekebisha sentensi ya mwenzake. Jamboard, ubao mweupe wa mtandaoni ambao miongozo ya zamani bado inausifu, ilifungwa na Google mwisho wa 2024.

Mashine na mtandao, siku mbili kabla

Washa mashine zote 12, siyo tatu za mbele. Angalia kwanza tarehe na saa. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, kisha kivinjari kinakataa kufungua kurasa kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali. Watu hulaumu mtandao, wakanunua bando lingine, na tatizo likabaki pale pale. Rekebisha tarehe kwa mkono siku hiyo, na betri ibadilishwe ukipata nafasi.

Mashine zenye Windows 7 zina kikwazo cha pili: Chrome kwa Windows hiyo iliishia toleo la 109. Fungua hati ya majaribio humo. Ikifunguka kwa kusuasua au isipofunguka, mashine hiyo iwe ya kusomea vyanzo vilivyohifadhiwa ndani yake, na kikundi chake kihamie kwingine.

Halafu mtandao. Hotspoti ya simu haitoshi darasa hili, kwani simu nyingi za Android hupokea vifaa 8 au 10 tu. Mashine inayofuata italiona jina la mtandao lakini itagonga mwamba. Tumia ruta ya kuweka laini. Iweke ndani ya chumba chenyewe, juu ya kabati, siyo ofisi ya jirani, hasa kama jengo ni la zamani lenye kuta nene za mawe. Kama ofisi za karibu nazo zina Wi-Fi, ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawaitumii.

Bando haliliwi na maandishi. Hati inapofunguka mara ya kwanza hula kiasi fulani, baada ya hapo kuandika maneno hula kidogo sana. Mlaji mkubwa ni Windows yenyewe: mashine iliyokaa mwezi mzima bila intaneti ikipata mtandao huanza kupakua masasisho yake, na mashine 12 zikifanya hivyo kwa pamoja, bando la wiki huisha kabla ya mahudhurio kuitwa. Kwenye kila mashine yenye Windows 10 au 11, fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo na uwashe sehemu iliyoandikwa Metered connection. Zima pia OneDrive, programu ya Windows inayopakia mafaili mtandaoni. Kisha pima: andika salio la bando, acha mashine zote zikiwa na hati wazi kwa dakika 15, angalia salio tena. Zidisha mara sita, utapata makadirio ya dakika 90, na hicho ndicho cha kumwambia mkuu wa shule anapouliza gharama.

Umeme ukikatika, kompyuta za mezani zitazimika, lakini hati itapoteza sekunde za mwisho tu. Ukiwa na kompyuta mpakato, ruta ndiyo inayobaki kuwa kikwazo. Ruta nyingi hutumia volti 12. Soma kibandiko chake, kisha tafuta UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba) yenye volti hizo hizo na ampea zisizopungua zilizoandikwa.

Kuitengeneza hati

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kuwapa wanafunzi ukurasa mweupe. Vikundi 12 vitaanza kuandika kwenye mstari wa kwanza, kila kimoja kikimsukuma mwenzake chini, na kelele zitakazofuata zitasikika mpaka ofisi ya walimu. Kosa la pili ni jedwali la mistari 12. Linapendeza kwenye projekta, lakini seli ya kikundi cha 2 ikijaa, vikundi vyote vya chini vinasogea na mwandishi anaitafuta sentensi yake.

Kinachofanya kazi ni ukurasa mmoja kwa kila kikundi. Andika kichwa "K1", ukipe mtindo wa Heading 1, weka swali la kikundi, kisha bonyeza Ctrl na Enter ili kukata ukurasa. Rudia mpaka K12. Vichwa hivyo vitajipanga upande wa kushoto wa hati, na kikundi kikibofya chake kinafika moja kwa moja. Ndani ya kila ukurasa weka sehemu tatu: Jibu (maneno 60 hadi 80), Chanzo, na Maoni ya jirani. Kikomo cha maneno si cha urembo. Ndicho kinachohakikisha maandishi hayamwagikii ukurasa wa wengine.

Maswali yawe finyu kiasi kwamba majibu mawili hayawezi kufanana. "Eleza faida za mkonge" ukiwapa vikundi vitatu, utapata kitu kile kile mara tatu. Badala yake K1 ieleze mmea wenyewe na asili yake Yucatán, Meksiko. K2, jinsi Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alivyoleta miche kutoka Florida mwaka 1893. K3, hatua za singa (nyuzi za mkonge) kutoka shambani hadi korona, yaani mashine ya kuchakata majani, kuanikwa na kupigwa brashi. K4, kazi ya manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba hayo. K5, reli ya Tanga na bandari. K6, mashamba kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. K7, nyuzi za plastiki zilivyoshusha soko la kamba za katani. K8, utafiti wa mkonge katika kituo cha Mlingano, Muheza. Nne zilizobaki zigawe kwa matumizi ya leo, msamiati wa mkonge, methali na misemo inayofaa insha hiyo, na mswada wa utangulizi. Kikundi cha msamiati kipewe wanafunzi kutoka familia za mashambani kama wapo. Maneno ya kazi wanayo wao.

Sasa ruhusa. Bofya Share, badilisha ufikiaji uwe wa yeyote mwenye kiungo, na cheo kiwe Editor. Kabla ya kutoka, fungua File, kisha Version history, upe toleo la sasa jina: "kabla ya kipindi". Dakika moja hiyo itakuokoa baadaye.

Kiungo cha Google ni kirefu na kina herufi kubwa na ndogo zilizochanganyika. Kukiandika ubaoni ni kuchoma dakika 20. Hata kilichofupishwa kwa bit.ly hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na hapo sufuri na O huwa ugomvi. Njia fupi ni kuweka kiungo kwenye flashi kama njia ya mkato, kukinakili kwenye skrini ya mwanzo ya kila mashine jana yake, na kukipa jina la somo. Mwanafunzi anabofya mara mbili, basi.

Dakika 80

Wanafunzi wanne kwa mashine moja si upungufu, ni mpango, mradi kila mmoja ana kazi. Mwandishi anashika kibodi. Msomaji ana kitabu au karatasi ya chanzo iliyochapwa. Mhakiki anasikiliza na kusahihisha tahajia na hoja kabla haijaandikwa. Wa nne anashika saa na daftari, na ndiye pekee anayeruhusiwa kusimama kwenda kuuliza kikundi kingine. Badilisha kazi kila dakika 15, kwa kupiga makofi au kengele. Usipolazimisha, kibodi itabaki kwa yule anayejua kuchapa, kwa kawaida mwenye kompyuta nyumbani, na wengine watatu watakuwa watazamaji.

Dakika 10 za kwanza ni za kufungua hati na kuhakikisha kila kikundi kiko ukurasa wake. Kila mashine iandike neno moja tu chini ya kichwa chake: "tupo". Ukiona "tupo" 12 kwenye projekta, endelea. Dakika 5 eleza kazi. Dakika 25 za kuandika, na hapo mwalimu usikae kwenye projekta, zunguka. Projekta izime kabisa au ionyeshe ukurasa wa maelekezo, maana darasa likiona sentensi za wenzao zikiota moja kwa moja ukutani, macho yote yanahamia huko.

Dakika 15 zinazofuata ndizo zenye faida kubwa kuliko zote, na ndizo walimu huzikata muda ukibana. K1 inasoma K2, K2 inasoma K3, mpaka K12 inayosoma K1. Kila kikundi kinaandika kwenye Maoni ya jirani mistari miwili, ikianza na namba yake: swali moja la kweli, na jambo moja kuhusu chanzo. Neno "nzuri" limepigwa marufuku. Maoni ya aina hii ndiyo unayoyatafuta: "K1: mmesema mkonge ulitoka Florida, sisi tuna Meksiko. Ni mmea au ni miche?" Swali kama hilo linaifanya K2 irudi kwenye chanzo bila mwalimu kusema kitu, kwa sababu majibu yote mawili yana ukweli ndani yake.

Tunapendelea maoni haya yaandikwe ndani ya ukurasa, siyo kwenye visanduku vya maoni vya pembeni. Yanachapika kwenye karatasi, na yanafanya kazi vile vile hata ukihamia zana nyingine.

Dakika 15 za kurekebisha, dakika 10 za kusoma kurasa tatu kwenye projekta, kengele. Kuziunganisha kurasa 12 ziwe insha moja ya maneno 350 ni kazi ya somo lijalo. Usijaribu kuibana hapa.

Mambo yanayokwenda kombo

Hati nzima imetoweka. Mtu amebonyeza Ctrl na A, kisha Delete, kwa bahati mbaya au kwa utundu. Amuru mikono juu, wote waache kibodi. Mwenye mashine husika abonyeze Ctrl na Z. Amri hiyo hurudisha kitendo cha mashine ile tu, kwa hiyo wengine wakiibonyeza wanafuta kazi yao wenyewe. Ikishindikana, fungua Version history. Usirudishe hati yote kwenye toleo la zamani kama vikundi vingine vimeendelea kuandika, kwani utawapotezea kazi yao. Fungua toleo lenye maandishi yaliyopotea, nakili sehemu ile, rudi kwenye hati ya sasa, bandika.

Hujui nani kaandika tusi. Walioingia bila akaunti huonekana kwa majina ya wanyama, na historia haiwatofautishi. Kwa sababu kila kikundi kina ukurasa wake, tusi lililo ukurasa wa K7 walau lina mahali pa kuanzia kuuliza, japo siyo ushahidi. Sema mapema, kabla ya hati kufunguliwa, kwamba kikundi kinawajibika kwa ukurasa wake wote.

Aya ndefu imetokea ghafla, Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi. Imenakiliwa. Ndiyo kazi ya sehemu ya Chanzo, na ndiyo sababu tunataka vyanzo vya karatasi katika somo la kwanza: kilichochapwa huwezi kukibandika.

Jedwali la takwimu

Google Sheets, programu ya majedwali ya Google, ina tabia zake. Tuseme kidato cha kwanza kinakusanya bei za samaki kutoka soko la Mgandini kwa wiki mbili: changu, kolekole, pweza, dagaa. Mwanafunzi akiandika "5000/=" au "Sh 5,000" kama alivyozoea kuona dukani, Sheets mara nyingi itaichukua kama maneno, na fomula ya AVERAGE itairuka kimya kimya. Wastani utatoka, utakuwa na makosa, na hakuna atakayejua. Chagua safu ya bei, nenda Data, kisha Data validation, ruhusu namba tu, tuseme kati ya 500 na 100000, na uiambie ikatae kisichofaa. Vichwa vya safu vilinde kupitia Protect sheets and ranges.

Watu wawili wakiandika kwenye seli moja, anayemaliza mwisho ndiye anayebaki. Kila kikundi kiwe na safu au karatasi yake ndani ya faili. Na yeyote asipange jedwali kwa herufi au bei wakati wengine wanaandika: mistari inahama na namba zinaingia kwa samaki wasio wake.

Bila intaneti kabisa

Ruta isiyo na laini wala bando bado inaunganisha mashine zilizo chumbani. Etherpad ni programu huria inayotumia njia hiyo: unaiweka kwenye kompyuta mpakato moja ya mwalimu pamoja na Node.js, programu inayoiendesha (vipakue siku ukiwa na mtandao), unaiwasha, na mashine nyingine zinaifikia kwa kivinjari. Kila mashine hupata rangi yake, na kitelezi cha muda kinaonyesha hati ilivyojengwa tangu herufi ya kwanza, kitu ambacho wanafunzi hukipenda kuliko somo lenyewe.

Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, soma anwani ya IPv4, tuseme 192.168.1.20. Wanafunzi wataandika 192.168.1.20:9001 kisha /p/mkonge. Isipofunguka, sababu ni mojawapo kati ya tatu. Ngome ya Windows (firewall) imezuia: iruhusu Node.js kwenye mtandao binafsi. Mashine zimeungwa kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ambao hauruhusu vifaa kuonana: hamia mtandao mkuu. Au anwani imebadilika tangu jana: kwenye mipangilio ya ruta, ihifadhie kompyuta ya mwalimu anwani moja ya kudumu. Vishikwambi hufanya kazi hapa bila akaunti, lakini Android ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti huweza kuruka kwenye data ya laini. Zima data kabla ya kuanza.

Etherpad haina majedwali wala kurasa za kukata. Fungua pedi tofauti kwa kila kikundi, mkonge1 hadi mkonge12, na ya kumi na tatu kwa ajili ya kuunganisha.

Taarifa za wanafunzi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hati iliyo wazi kwa yeyote mwenye kiungo si mahali pa majina kamili, namba za mitihani, picha wala namba za simu za wazazi. K1 hadi K12 zinatosha. Usiwafungulie wanafunzi akaunti binafsi kwa kudanganya umri. Shule ikitaka akaunti, njia iliyonyooka ni kusajili kikoa chake (anwani yake ya mtandaoni) cha .sc.tz na kuomba Google Workspace for Education, huduma ya Google kwa shule, ambayo ngazi yake ya msingi ni bure kwa shule zinazokubaliwa.

Alama na kufunga

Historia ya hati haionyeshi ni mkono wa nani ulikuwa kwenye kibodi, kwa hiyo usitoe alama za mtu mmoja mmoja kutoka humo. Toa 10 za ukurasa wa kikundi, 5 za maoni kwa jirani, na 5 kutoka daftarini, ambako kila mwanafunzi anaandika mistari mitatu: nilifanya nini katika kazi ipi, nilirekebisha nini baada ya maoni, na ni sentensi gani ya kikundi chetu bado siiamini. Swali la tatu ndilo linalomfichua aliyekuwa amekaa tu.

Kengele ikilia, rudi kwenye Share na ushushe cheo cha kiungo kuwa Viewer, siku hiyo hiyo, kwa sababu kiungo kitafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jioni. Lipe toleo jina "mwisho wa kipindi". Pakua nakala moja ya Word na moja ya PDF, ziweke kwenye flashi ya idara, jina la faili likianza na mwaka na kidato ili zijipange zenyewe. Chapa kurasa 12 na uzibandike ukutani kwenye maabara. Somo lijalo, umeme usipokuwepo, vikundi vitaunganisha insha kwa kalamu nyekundu kutoka hapo.